Kabla ya Phelps palikuwa na klabu

Tangu Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki itangaze, Aprili 2025, kwamba michezo ya Los Angeles 2028 itakuwa na mbio za mita 50 za mitindo ya mgongo, kifua na kipepeo, kwa wanaume na kwa wanawake, kuna hesabu inayopigwa sana na watu wa kuogelea huku kwetu. Dhahabu sita mpya zinaongezwa juu ya zile 35 za bwawani zilizogombewa Paris. Mbio zenyewe ni urefu mmoja tu wa bwawa: hakuna kugeuka, hakuna kugawa nguvu kwa robo saa. Unaruka, unapiga maji kwa sekunde ishirini na kitu, unagusa ukuta, basi. Vijana wenye misuli tunao. Pwani tunayo, maziwa tunayo. Na sasa hata kiti cha urais wa Olimpiki amekalia mwogeleaji wa Kiafrika, Kirsty Coventry wa Zimbabwe. Kwa hiyo, wanasema, mlango uko wazi, kilichobaki ni kuwatafuta vijana wenye maumbile na kuwasukuma waingie. Kwenye mashindano fulani ya watoto jijini Dar es Salaam nilikaa nyuma ya baba mmoja aliyekuwa akimwonyesha mwenzake mtoto wa miaka tisa hivi. "Mtazame mikono ile, huyu ni Phelps kabisa," akimaanisha Michael Phelps, bingwa wa kuogelea wa Marekani. Mwenzake alijibu neno moja tu: "Akidumu."

Nataka kumtetea huyo wa pili. Hesabu ya mita 50 imekosewa tangu mstari wa kwanza, kwa sababu inadhani medali hutokana na umbali wa mbio au umbo la mkimbiaji wa majini. Medali ya kuogelea hutoka kwenye kitu kidogo na cha kuchosha kukisimulia: klabu, yaani mahali pamoja panapompokea mtoto wa miaka saba na kumshikilia miaka kumi na zaidi, chini ya makocha wanaokabidhiana, pamoja na watoto wengine wanaomshinda. Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua uko katika simulizi lile lile ambalo baba wa kwanza alilitaja kama mfano wa maumbile. Tumelielewa kinyume.

Michael Phelps ana medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake za dhahabu. Watu wengi wakiulizwa zimetoka wapi, watakueleza habari za mwili: urefu wa sentimita 193 lakini mikono ikinyooshwa inafika 201, miguu mifupi, kiwiliwili kirefu, nyayo kama makasia, na chakula cha kalori 12,000 kwa siku, jambo ambalo mwenyewe alishasema limetiwa chumvi. Ni wachache watakaokutajia North Baltimore Aquatic Club, NBAC kwa kifupi. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1968 katika jiji la Baltimore, jimbo la Maryland, na kwa muda mrefu imejulikana kwa bwawa lake la Meadowbrook, bwawa kongwe la tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lililoko bondeni kando ya kijito cha Jones Falls. Si kituo cha taifa, si mradi wa wizara. Marekani haina hata wizara ya michezo. Ni klabu ya mtaani inayoendeshwa kwa ada za wazazi, moja kati ya zaidi ya 2,500 zilizosajiliwa na chama cha kuogelea cha nchi hiyo.

Tazama mfuatano wake. Mwaka 1984 Theresa Andrews alitoka klabu hiyo akashinda dhahabu ya mita 100 mgongo huko Los Angeles, na nyingine katika mbio za kupokezana za mitindo minne. Ndiyo, Ujerumani Mashariki walisusia michezo ile, na anayetaka kuipunguza thamani dhahabu yake ana haki. Lakini mwaka 1992 hakukuwa na wa kususia. Machi mwaka huo, kwenye mashindano ya kuchuja timu ya Marekani, msichana wa miaka 15 aitwaye Anita Nall alivunja rekodi ya dunia ya mita 200 kifua asubuhi, kisha akaivunja tena jioni ya siku hiyo hiyo. Barcelona akarudi na medali tatu za rangi tatu. Mwaka 1996 Atlanta, msichana mwingine wa miaka 15, Beth Botsford, akachukua dhahabu ya mita 100 mgongo pamoja na ile ya kupokezana. Klabu moja, jiji moja, mabinti watatu, miaka kumi na miwili. Wakati Botsford anavishwa medali yake, ndani ya klabu hiyo hiyo kulikuwa na mvulana wa miaka 11 mwenye masikio makubwa ambaye dunia ilikuwa haijamsikia.

Mvulana huyo hakugunduliwa na mtu. Aliburutwa bwawani na familia. Dada zake wawili walikuwa wakiogelea pale, na mama alikuwa akiwapeleka mazoezini. Mdogo angeachwa wapi? Dada yake Whitney alikuwa mzuri kiasi cha kuiwakilisha Marekani kwenye mashindano ya dunia ya 1994 akiwa na miaka 14, na ni mgongo ulioumia uliomzuia asifike Atlanta. Michael mwenyewe alianza kwa kuogelea chali, kwa sababu hakutaka maji yamguse usoni. Mtu anayetafuta maumbile angempita. Mwalimu wake wa kwanza pale, Cathy Lears, hakumpita, alimfundisha. Baadaye akahamia kwa Tom Himes, kocha wa watoto wakubwa kidogo. Mwaka 1996 ndipo Bob Bowman akaajiriwa na klabu, na akamkuta mtoto wa miaka 11 ambaye mitindo yote minne alikuwa ameshaijua. Tunapenda kusimulia habari za Bowman na Phelps kama za nabii na mwanafunzi wake. Mimi kinachonivutia ni hao wawili waliotangulia, ambao majina yao hayajulikani nje ya Maryland, na ambao bila wao Bowman angeanza kumfundisha mtoto wa miaka 11 namna ya kutoa pumzi majini.

Baada ya hapo likaja gwaride la miaka ambalo wengi wanalijua. Mwaka 2000 Sydney, akiwa na miaka 15, alikuwa wa tano kwenye mita 200 kipepeo. Miezi sita baadaye, Machi 2001, alivunja rekodi ya dunia ya mbio hizo, na hakuna mwanaume mdogo kuliko yeye aliyewahi kuvunja rekodi ya dunia ya kuogelea. Kwa miaka kama mitano mfululizo walifanya mazoezi kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Hesabu yao ilikuwa kwamba mpinzani anayepumzika Jumapili anawaachia siku 52 kwa mwaka. Bowman alikuwa na vituko vyake: kwenye shindano moja aliikanyaga makusudi miwani ya kijana wake ikapasuka, ili aogelee haoni. Kituko hicho kilikuja kulipa Beijing mwaka 2008, fainali ya mita 200 kipepeo, miwani ilipojaa maji na Phelps akamaliza kwa kuhesabu mipigo ya mikono, akashinda kwa rekodi ya dunia. Mwili mrefu haukumsaidia kuuona ukuta. Aliyemsaidia ni mtu aliyekuwa naye tangu utotoni na aliyekuwa na muda wa kumfundisha hata ajali.

Hapa mkosoaji makini ana la kusema, na analo hasa. Phelps wa Beijing, yule wa dhahabu nane, hakuwa anafanya mazoezi Baltimore. Baada ya Athens 2004 Bowman alichukua kazi Chuo Kikuu cha Michigan na Phelps akamfuata. Walirudi nyumbani baada ya Beijing. Mwaka 2015 Bowman akaondoka tena, safari hii kwenda Arizona, na huko ndiko baadaye alikomlea Mfaransa Léon Marchand, aliyechukua dhahabu nne za mtu mmoja mmoja Paris 2024. Sasa yuko Texas. Je, hii haionyeshi kwamba siri ni kocha mmoja mwenye kipaji, na klabu ni jina tu juu ya kofia?

Ingekuwa hivyo kama Baltimore ingenyamaza alipoondoka. Haikunyamaza. Bowman akiwa Michigan, Katie Hoff alikuwa Baltimore na kocha mwingine, Paul Yetter, akawa bingwa wa dunia wa mita 200 na 400 za mchanganyiko wa mitindo mwaka 2005, akarudia 2007, na akavunja rekodi ya dunia ya hiyo 400. Beijing alipata fedha moja na shaba mbili. Dhahabu ya mita 400 mtindo huru ilimponyoka kwa saba ya mia ya sekunde. Walioonja ladha ya bwawa lile baadaye ni wengi: Allison Schmitt, medali tano London 2012, tatu za dhahabu, Yannick Agnel, bingwa wa Olimpiki kutoka Ufaransa aliyehamia pale 2013, Jessica Long, mmoja wa waogeleaji wakubwa kabisa wa Paralimpiki. Na yuko Chase Kalisz, kijana wa Maryland aliyelelewa na klabu tangu utoto, ambaye akiwa na miaka minane alilazwa kwa ugonjwa wa neva uliompooza. Mwaka 2021, kwenye michezo ya Tokyo iliyochelewa, alishinda mita 400 za mchanganyiko, mbio zile zile ambazo Phelps alishinda 2004 na 2008. Kocha hodari anaongeza kasi. Lakini kutoka Andrews hadi Kalisz ni miaka 37, na hakuna kocha mmoja anayeijaza yote.

Ndani ya klabu kuna nini hasa? Hakuna uchawi, na labda ndiyo maana hatuandiki kuihusu. Kuna vikundi vya umri na uwezo, na mtoto anapanda kikundi akifikia muda fulani, si akifikisha miaka fulani. Ndani ya kila njia ya bwawa kuna foleni: mwenye kasi anatangulia, na mtoto anajua kila siku nani yuko mbele yake na kwa nini. Kuna saa kumi na moja alfajiri, kuna mzazi anayesinzia garini. Kuna kumbukumbu, na hili nalipa uzito kuliko yote. Mtoto wa miaka kumi pale Baltimore mwaka 1997 hakuhitaji kuhubiriwa kwamba dhahabu ya Olimpiki inawezekana. Alikuwa amemwona mwenye nayo akipanga foleni ya bafu. Kwa mtoto wa kwetu, bingwa ni mtu wa kwenye simu.

Sasa turudi kwenye mita 50. Hoja kwamba mbio fupi ni rahisi kwa wanaoanza kuchelewa inafanana na ukweli lakini si yenyewe. Kanuni zinamruhusu mwogeleaji wa mgongo au kipepeo kukaa chini ya maji hadi mita 15 baada ya kuanza. Katika mbio ya 50 hiyo ni karibu theluthi moja ya njia yote, na inaamuliwa na pembe ya kuruka, na mpigo wa miguu ya pomboo, na muda wa kuibuka. Mambo yanayoingia mwilini kati ya miaka minane na kumi na minne au hayaingii kabisa. Katika mita 400 ukikosea mwanzo una nafasi ya kutubu. Katika 50 hakuna. Anayedhani ufupi unapunguza kazi aikumbuke fainali ya mita 100 kipepeo Beijing, Phelps 50.58, Mserbia Milorad Čavić 50.59.

Fainali hiyo ina jambo linalotuhusu moja kwa moja, na nashangaa halitajwi kila tunapojadili haya. Kwenye mchujo wa mbio hizo, mwanaume mmoja alivunja rekodi ya Olimpiki kwa 51.14, kabla Čavić hajaishusha tena muda mfupi baadaye. Mwanaume huyo ni Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, akivaa rangi za Kenya. Katika fainali alimaliza wa tano. Miaka miwili baadaye, Delhi 2010, alishinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, na umbali wenyewe ulikuwa mita 50 kipepeo. Kwa maneno mengine, tulishaishinda mbio tunayoambiwa ni mlango mpya. Ilikuwa zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita. Dhahabu ya pili haijaja, na sababu iko kwenye njia aliyopita: shule ya bweni Uingereza, kisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kipaji kilikuwa cha Kenya. Foleni ya asubuhi ilikuwa ya watu wengine, na alipostaafu haikubaki Nairobi.

Kati ya hoja zote zinazotolewa, ile ya maumbile ndiyo dhaifu kuliko zote, na ninaitaja kwa sababu ndiyo inayopendwa. Inakuja kwa sura mbili zinazopingana bila aibu. Moja inasema Mwafrika hawezi kuogelea kwa sababu ya mifupa mizito. Nyingine inasema watoto wa Pwani ni samaki, watie tu kwenye bwawa uone. Ya kwanza ilizikwa Seoul 1988, pale Anthony Nesty wa Suriname, mtu mweusi, alipomshinda Matt Biondi wa Marekani kwa moja ya mia ya sekunde kwenye mita 100 kipepeo. (Nesty leo ni kocha, na Paris alikuwa mkuu wa timu ya wanaume ya hao hao Wamarekani.) Ya pili inavunjwa na ufuo wowote wa kwetu. Mtoto anayepiga mbizi pale Feri au Forodhani ana ujasiri wa maji ambao watoto wa Baltimore hawana. Hana saa ukutani, hana mtu wa kumwambia kiwiko kimeanguka, na akifika miaka 14 ana kazi. Ujasiri wa maji ni mali kubwa, na pia si wa wote: Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umelazimika kuwafundisha kuogelea wanawake na wasichana waliozaliwa hatua chache kutoka baharini. Bahari haifundishi mtu kwa kuwa jirani yake tu.

Hoja ya mabwawa na fedha ina nguvu zaidi na siwezi kuipuuza. Kenya inalo bwawa la Kasarani, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Kwa upande wa Tanzania, waogeleaji wengi hukulia kwenye mabwawa ya mita 25 ya shule za kimataifa na hoteli. Ni kweli kabisa kwamba huwezi kuwa na klabu bila maji. Ila kama bwawa la mita 50 lingekuwa ndilo linalozaa mabingwa, Kasarani ingekuwa imeshatuzalia kizazi kizima. Suriname ya Nesty ilikuwa na bwawa moja tu la kipimo hicho. Jengo hufunguliwa siku moja, kwa utepe na hotuba. Kumbukumbu ya klabu hujengwa polepole, na hakuna waziri anayealikwa kuikatia utepe.

Hoja iliyo imara kuliko zote ni ya wanaosema: basi tuwapeleke watoto nje. Coventry alianzia Harare lakini aliivia Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Medali zake saba ndizo zilizomfanya ajulikane duniani. Joseph Schooling wa Singapore, aliyemshinda Phelps mwenyewe Rio 2016 kwenye mita 100 kipepeo, alipelekwa Florida akiwa mdogo. Njia hiyo inafanya kazi. Lakini tazama inafanya kazi wapi. Nesty na Schooling, nchi mbili ndogo, mabara mawili, miaka 28 kati yao, mbio moja: wote wawili walilelewa katika programu moja ya shule ya Bolles, mjini Jacksonville, Florida. Tunasema Suriname ilishinda, Singapore ilishinda. Kwa upande mmoja, klabu moja ya Jacksonville ilishinda mara mbili kwa bendera za watu. Kumpeleka mtoto nje ni kukodi klabu ya mwenzio, na kodi hiyo wanaiweza wazazi wachache mno. Na mpangaji akihama, haondoki na nyumba. Mfano unaonipa shida kweli kweli ni Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, aliyekulia nyumbani, akaingia fainali ya mita 400 mtindo huru Tokyo kwa njia ya nane, ya aliyefuzu wa mwisho, akashinda akiwa na miaka 18. Nakiri anathibitisha kwamba Afrika inaweza bila Florida. Simwoni kama anapinga kauli yangu, maana Tunisia ina utamaduni wa kuogelea wa miaka mingi na alikuwa na Oussama Mellouli, Mtunisia aliyekwisha kushinda dhahabu ya Olimpiki, wa kumtazama. Lakini anapaswa kutuzuia kusema kwamba hakuna njia ila moja.

Wala sitaki kuisifu Baltimore kama pepo. Klabu inayoendeshwa kwa ada ni klabu ya wenye ada. Jiji lile lilikuwa na bwawa la umma la watu weusi katika bustani ya Druid Hill, lililofunguliwa 1921, nusu ya ukubwa wa lile la Wazungu, likihudumia watu zaidi ya 100,000. Lilifungwa 1956 ubaguzi wa mabwawa ulipopigwa marufuku. Leo Baltimore ni jiji la Wamarekani weusi kwa wingi wake, lakini orodha ya mabingwa niliyoitaja, karibu wote ni Wazungu. Klabu inarithi mpaka uliochorwa kabla yake, na isipoamua kuufuta itaukuza. Kuna pia gharama ya mwili na roho: Nall, baada ya Barcelona, hakurudi tena kwenye kiwango chake cha miaka 15, na Hoff aliingia Beijing akiitwa Phelps wa kike, mzigo ambao hakuna binti anayestahili kuubeba. Na kubwa kuliko hayo, mfumo unaompa kocha mtoto kwa saa ishirini kwa wiki, alfajiri na jioni, akiwa amevaa nguo ya kuogelea, unampa mamlaka ya kutisha. Kuogelea Marekani kulipitia kashfa nzito za unyanyasaji wa watoto, hadi chama chao kikaanza mwaka 2010 kutangaza hadharani majina ya makocha waliofungiwa. Anayetaka kuiga klabu aige na orodha hiyo. Aianze nayo, asisubiri kashfa.

Lakini matatizo yetu kwa sasa yako upande mwingine kabisa. Sisi hatuna klabu zenye nguvu kupita kiasi. Tuna vyama vyenye nguvu kupita klabu. Na hapa mita 50 zinaweza kutuumiza. Utaratibu wa Olimpiki unaipa nchi isiyo na waogeleaji waliofuzu nafasi ya kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ni utaratibu wa heri: ndio uliomleta Éric Moussambani wa Guinea ya Ikweta Sydney 2000, akamaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52 peke yake bwawani, na ndio unaotupa sura kwenye michezo kila baada ya miaka minne. Paris, Tanzania iliwapeleka Collins Saliboko na Sophia Latiff, na waliogelea kwa heshima. Lakini angalia unachokifanya kwa siasa za mchezo. Ikiwa safari mbili za Olimpiki zinapatikana hata klabu zikifa zote, basi mamlaka yako kwa anayechagua wawili hao, wala si kwa anayelea mia mbili. Ndiyo maana chaguzi za vyama vya kuogelea zinagombewa kuliko mbio zenyewe. Kenya ilifika mahali shirikisho la dunia likaingilia kati migogoro ya uongozi. Ukiongeza sasa ahadi kwamba kijana mwenye misuli anaweza kuokotwa miaka miwili kabla ya michezo na kuandaliwa kwa urefu mmoja wa bwawa, umempa mchaguaji sababu mpya ya kutojali kinachotokea kwa watoto wa miaka tisa.

Klabu tulizo nazo zinaishi juu ya ardhi ya wengine. Bwawa ni la shule, na shule ikibadili ratiba klabu inahama. Kocha yuko kwa mkataba wa miaka miwili, na akipata kazi Dubai anaondoka na kila kitu alichokijua kuhusu watoto wale, kwa sababu hakuna daftari wala msaidizi aliyemkuza. Mtoto akifika kidato cha nne anaambiwa apumzike mitihani iishe, na hiyo pumziko huwa ya milele. Haya hayatengenezwi kwa medali sita mpya. Yanatengenezwa kwa mambo ambayo hata kuyaandika yanachosha: mkataba wa miaka kumi kati ya klabu na shule wa saa za bwawa, ambamo sehemu ya saa hizo ni za watoto wa shule za msingi za serikali za jirani, bure, kocha wa watoto wadogo alipwe karibu sawa na wa wakubwa, kwani huyo ndiye Cathy Lears wetu, fedha za chama zigawiwe kwa idadi ya watoto wanaobaki mwaka wa tatu, na si kwa walioandikishwa mwaka wa kwanza.

Phelps aliingia klabuni akiwa na miaka saba, na dhahabu yake ya kwanza ilikuja 2004, miaka kumi na miwili baadaye. Mtoto wa kwetu atakayeingia bwawani mwaka huu wa 2026 akiwa na umri huo atakuwa na miaka tisa wakati wa Los Angeles, kumi na tatu Brisbane 2032, na kumi na saba 2036. Kwa hiyo ninapoulizwa kama mbio za mita 50 ni nafasi yetu, huwa ninauliza nami: makocha waliokuwa wakifundisha watoto wa miaka minane jijini mwako mwaka 2018, wangapi bado wako ukingoni mwa bwawa lile lile? Nimewauliza watu watatu wanaojua mchezo huu vizuri. Mmoja alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.